Kununua Kinanda Mkononi mwa Mtu

Dumila ni mji unaojua kununua. Ukitoka Morogoro mjini kuelekea Dodoma, ukaipita Dakawa na mashamba yake ya mpunga, unafika penye njia panda: barabara kuu inaendelea Gairo, nyingine inakata kushoto kwenda Rudewa na Kilosa. Mama anayenunua nyanya za jumla hapo haridhiki na zile nyekundu zilizopangwa juu ya tenga. Anaingiza mkono hadi chini, anatoa moja, anaibonyeza, anaingiza tena mkono upande wa pili. Muuzaji hakasiriki, maana hiyo ni haki ya mnunuzi. Ningependa kwaya zetu zinunue vinanda hivyohivyo.

Mama huyohuyo akiwa mjumbe wa kamati ya kwaya huingia sebuleni kwa mtu, akakuta kinanda kimefutwa vumbi na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenyewe anabonyeza batani moja, wimbo mzima unajipiga, una ngoma na gitaa na tarumbeta ndani yake. Wajumbe wanatazamana, wanatikisa vichwa, na mhazini anaanza kuhesabu. Wimbo ule wa maonyesho umehifadhiwa kwenye saketi tangu kiwandani, na hutoka bila kitufe hata kimoja kuguswa. Unachothibitisha ni kwamba umeme umefika na spika hazijapasuka. Vitufe vyote 61 vingeweza kuwa vimekufa, na wimbo ungetoka vilevile.

Vinanda vingi vya makanisani huku vijijini havinunuliwi dukani vikiwa vipya. Hutoka mkononi mwa mtu: mwalimu anayehamishiwa mkoa mwingine, bendi iliyovunjika, kijana aliyeletewa na ndugu kutoka ng'ambo kisha akaacha kupiga, au kwaya ya mjini iliyopata kikubwa zaidi. Sina neno na njia hii. Kinanda kizuri kilichotumika miaka mitano kwa uangalifu kinaweza kuishinda bidhaa mpya ya bei ya chini, na pesa inabaki ya kununulia spika. Kinacholeta majuto ni haraka. Michango hukusanywa baada ya mavuno, Pasaka au sikukuu ya kipaimara iko karibu, na muuzaji anajua mambo hayo mawili kwa sababu anaishi hapohapo na anasali hapohapo.

Sheria nayo inamwachia mnunuzi mzigo mkubwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, imejengwa juu ya sheria ya zamani ya Waingereza. Inamlinda mnunuzi kuhusu ubora pale muuzaji anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Mwalimu anayeuza kinanda chake kimoja kwa sababu anahama si mfanyabiashara wa vinanda. Jambo moja linambana kama muuzaji yeyote: lazima awe na haki ya kukiuza. Akikueleza uongo kuhusu hali ya chombo una pa kusimamia, lakini itakubidi uthibitishe alichosema, na kesi ya kinanda inaweza kula nauli na siku za kazi kuliko thamani ya kinanda chenyewe. Kwa hiyo siku ya ukaguzi ndiyo dhamana yako. Kilichokupita siku hiyo, umekinunua.

Anayekwenda kukagua awe yule atakayekipiga. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi ujumbe wa watu wanne ukienda, yaani mwenyekiti, mhazini, katibu na mzee wa kanisa, na mpiga kinanda ameachwa nyumbani kwa kuwa ni kijana na hashiki fedha. Vidole vyake vinajua uzito anaouhitaji, na masikio yake yatasikia sauti inayochelewa kwa nukta ndogo ambayo mzee wa kanisa hataisikia kamwe. Wazee waende pia, kwa ajili ya maongezi na bei. Lakini neno la mwisho kuhusu chombo liwe la mpigaji, na akisema hapana, msafara urudi nyumbani na pesa zake.

Akifika, aombe kinanda kizimwe kabisa, kisha akiwashe mwenyewe. Achague sauti ya ogani kwanza, si ya piano. Ogani haififii, hubaki palepale mradi kidole kimekaa. Aanze kitufe cha kwanza kushoto hadi cha mwisho kulia, vyeupe na vyeusi, kimojakimoja, akikishikilia kila kimoja kidogo. Mguso mbovu utajitangaza hapo: sauti inakatika, inakwaruza, au inarudi yenyewe baada ya kidole kutoka. Kisha ahamie sauti ya piano na kurudia safari ileile, safari hii kila kitufe mara mbili, mara ya kwanza taratibu sana, mara ya pili kwa nguvu.

Sababu ya kufanya hivyo iko chini ya vitufe. Kila kitufe cha kinanda kinachohisi nguvu ya kidole kimekalia kipande cha mpira chenye miguso miwili ya kaboni. Kidole kinaposhuka, mguso mmoja unafunga kabla ya mwingine, na saketi inapima muda kati ya miguso hiyo kujua kama umebonyeza kwa upole au kwa kishindo. Vumbi la kiangazi cha Dumila, jasho la mikono na soda iliyomwagika siku ya harusi huishia kwenye mpira huo. Mguso mmoja ukidhoofika, kitufe kinanyamaza, au kinalipuka kwa sauti ya juu hata ukikigusa kama unyoya, na waimbaji wanashtuka katikati ya wimbo wa komunyo.

Ugonjwa huo si lazima uwe sababu ya kuondoka. Vitufe viwili au vitatu vilivyokufa hapa na pale kwa kawaida ni suala la mpira. Fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kufungua, kusafisha kwa spiriti na kurudisha. Lakini vitufe vikifa kwa mpangilio, kila baada ya idadi ileile, ujue tatizo limepita mpira na kuingia kwenye waya au saketi inayosoma vitufe. Vipuri vyake si rahisi kuvipata hata Kariakoo. Hapo mpigaji afunge kitambaa na kushukuru kwa chai.

Halafu batani ya transpozi. Mpiga kinanda aliyejifunza kwa nota za sol-fa, zile zinazoandikwa juu kabisa kwamba Do ni G au Do ni F, mara nyingi hutegemea batani hiyo kuhamisha ufunguo na kuendelea kupiga kwa vidole vilevile alivyozoea. Kinanda ambacho transpozi yake imekwama kwa mpigaji wa namna hiyo ni nusu ya chombo, na batani hiyo huchakaa kwa haraka kwa sababu hutumika katika kila wimbo. Aibonyeze mara nyingi, juu na chini. Aangalie pia kama A ya kati iko kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kinachotumika duniani. Programu ya simu itamwonyesha. Ikiwa imesogea, huenda mtu aliichezea kwenye mpangilio, na kurudisha ni kazi ndogo. Isiporudi, kuna jambo.

Nyaya zijaribiwe zote. Tundu la spika za masikioni likichakaa, kinanda hudhani spika hizo zimechomekwa na hunyamazisha spika zake za ndani. Na kanisani hutategemea spika za ndani hata kidogo, utapeleka sauti kwenye miksa. Basi nendeni na waya wenu na spika ndogo, msikilize kama kuna mvumo. Kisha kiacheni kikiwaka nusu saa wakati wazee wanaongea habari za mvua na bei ya mahindi. Saketi iliyochoka hufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kuanza vituko ikipata joto, na chini ya paa la bati mwezi wa kumi na mbili joto litakuwepo.

Umeme unahitaji aya yake. TANESCO hutoa volti 230. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutarajia volti 100, na vipo vingi vinavyokuja kama mtumba. Kinanda cha kutumia adapta kina nafuu, kwa kuwa unabadilisha adapta tu, lakini soma maandishi yaliyo nyuma yake. Katika vinanda vya Yamaha, jamii ya PSR-E kwa kawaida hutaka volti 12, na jamii ya PSR-S hutaka volti 16. Plagi zinaweza kufanana machoni na kuua chombo mkononi, na hata chanya na hasi za plagi zisipolingana unaweza kukipoteza. Muuzaji akisema adapta ilipotea na kwamba utaipata tu dukani, punguza bei ya adapta halisi kabla hamjaendelea, na usikubali kukagua kwa adapta ya redio iliyofungwa kwa nailoni. Kwa piano ya kidijitali inayochomekwa ukutani moja kwa moja, volti 100 maana yake ni kununua transfoma na kuilinda isichomolewe na mtu asiyejua, Jumapili moja hadi nyingine, kwa miaka yote. Mimi nisingeichukua kwa ajili ya kanisa.

Kwaya inahitaji vitufe vingapi? Vile 61, yaani oktava tano, vinatosha kusindikiza sauti nne, besi mkono wa kushoto na soprano kulia. Mwenye mtoto anayejifunza piano kwa mitihani ndiye anayehitaji 88, 52 vyeupe na 36 vyeusi, tena vyenye uzito. Nasema hivi kwa sababu wauzaji hupenda kuuza ukubwa, na kinanda kirefu kizito kinachobebwa kila Jumamosi kwa pikipiki kutoka nyumba ya mwenyekiti hadi kanisani hakitafika mwaka wa pili.

Mara chache husikika habari nyingine: kuna piano, piano yenyewe, ya mbao na nyuzi, inauzwa. Ni ya misheni, ya shule ya zamani, au ya familia ya wageni wanaorudi kwao. Moyo wa mpenda muziki huruka, na wangu ungeruka pia, kwa maana hakuna spika inayotoa kile ambacho ubao wa msonobari hutoa unapotikiswa na nyundo ya manyoya. Chombo alichokibuni Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700 bado hakijapata mrithi. Lakini tazama unachokipeleka Dumila. Ndani ya piano kuna nyuzi zipatazo 230, na jumla ya mvutano wake hufikia tani 18 au hata 20. Mvutano huo unashikiliwa na fremu ya chuma na vigingi vilivyopigiliwa kwenye ubao mgumu. Mbao hupumua: masika hunywa unyevu na kuvimba, kiangazi hukauka na kusinyaa, na kila mabadiliko yanahamisha sauti. Piano hupenda hewa isiyobadilikabadilika. Dumila, kama wilaya yote ya Kilosa, haina hewa ya namna hiyo.

Kwa hiyo ukaguzi wa piano huanzia kwenye vigingi. Kigingi kilicholegea hakishiki sauti. Fundi atakaza leo, kesho kimerudi. Piga kila kitufe pamoja na oktava yake na usikilize. Nyuzi mbili au tatu za sauti moja zikigombana, piano imepoteza ulinganifu. Ikiwa piano yote imeshuka kwa karibu nusu toni, ujue imeachwa miaka mingi, na kuipandisha kutaongeza mvutano ambao nyuzi zenye kutu huenda zisiuhimili. Fungua mlango wa mbele na umulike kwa tochi. Tafuta mchwa kwenye miguu na nyuma, nondo kwenye manyoya ya nyundo, kiota cha panya chini karibu na pedali. Nyundo zenye mifereji mirefu zimepigwa sana, ila zinaweza kuchongwa. Fremu ya chuma yenye ufa haina dawa. Viwanda vya Ulaya vilitengeneza piano maalumu kwa nchi za joto, viungo vyake vikiongezewa skrubu ili gundi isiachiwe kazi peke yake. Ukiikuta hiyo una bahati, lakini hata yenyewe itataka fundi mara mbili kwa mwaka. Fundi huyo itabidi atoke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 250, na nauli yake na malazi yake ni sehemu ya bei hata kama muuzaji hakuitaja.

Kisha tazama vitufe vyeupe kwa karibu. Ukiona kila kimoja kina mstari mwembamba wa kiungo pale sehemu pana inapokutana na sehemu nyembamba, na mishipa hafifu kama ya ukucha ndani ya weupe ulioingia umanjano, hiyo si plastiki. Hiyo ni pembe ya tembo, na huenda ilipita hapahapa.

Hili si jambo la kupita haraka. Katika karne ya 19 Wamarekani na Wazungu wa tabaka la kati walitaka piano sebuleni, na piano ilitaka pembe. Sultani Said wa Oman na Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani alianza kazi Unguja. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kuliko nyingine kwa kuwa ni laini, inakatika katika vipande vyembamba bila kupasuka. Ilipelekwa hadi jimbo la Connecticut, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, mji ambao hata jina lake limetokana na pembe. Huko ilipasuliwa, ikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo ili iwe nyeupe, ikagandishwa juu ya vitufe vya mbao. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 350,000.

Pembe hizo zilitoka bara mabegani mwa watu. Misafara ya kutoka Manyema, Ujiji na Unyamwezi ilipita Ugogo na Mpwapwa, ikashuka kwenye uwanda wa Mkata na Simbamwene, ilipo Morogoro ya leo, kwenda Bagamoyo. Mingine ilipita Mamboya, kwenye milima ya Ukaguru katika wilaya hiihii ya Kilosa, kwenda Saadani. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipopita Mkata mwaka 1871 wakati wa masika, matope yalikaribia kuumaliza msafara wake, naye alikuwa mtu mwenye fedha na wasaidizi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliolipwa; wengine walikuwa watumwa ambao wangeuzwa pwani pamoja na mzigo. Watu hao waliubeba muziki wa watu wengine wasipate kuusikia. Naamini mtu anayegusa vitufe hivyo anapaswa kujua hilo, na kama ni mwalimu, awaambie wanafunzi wake kabla ya somo la kwanza.

Na kuna upande wa sheria. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe ifungwe, na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulikubali Oktoba 1989. Ndani ya nchi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu pembe kuwa nyara, na kumiliki nyara bila kibali ni kosa zito. Usijiambie kwamba piano ni ya zamani kwa hiyo haikuhusu. Makao makuu ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, yako Morogoro. Nenda ukaulize kabla ya kulipa, ukiwa na picha za vitufe na maelezo ya mwenye chombo. Muuzaji mwema atakubali kusubiri jibu. Tangu katikati ya karne ya 20 viwanda vimehamia plastiki, kwa hiyo piano nyingi za karibuni hazina shida hii.

Turudi kwenye kinanda cha kwaya, maana ndicho kitakachonunuliwa. Bei ipangwe baada ya ukaguzi, kamwe isipangwe kwa simu kabla. Kila kasoro uliyoiona itajwe kwa heshima, mbele ya mwenye chombo, pamoja na gharama yake ya matengenezo: mpira, adapta, stendi, kifuniko. Usikitukane kinanda cha mtu ili kushusha bei. Huenda kilimsomeshea watoto, na mtu aliyevunjiwa heshima hatakwambia kwamba pedali inahitaji kusukumwa kidogo ndipo iingie. Muulize anakiuza kwa nini, kisha nyamaza usikilize jibu lote.

Uliza pia alikipataje. Vinanda huibwa makanisani kwa sababu huachwa ndani usiku, na anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi ana kesi yake mwenyewe chini ya Kanuni ya Adhabu. Asiyejua naye atanyang'anywa chombo mwenye mali akijitokeza. Namba ya chombo iko chini au nyuma, kwenye kibandiko. Ikiwa imekwanguliwa, ondokeni. Ikiwa ipo, ipigeni picha na muulizeni muuzaji kama ana risiti, au angalau picha ya zamani anayoonekana na kinanda hicho.

Malipo yapitie simu badala ya fedha taslimu, kwa sababu jina litatokea kabla hujathibitisha. Likiwa si jina la mtu aliyeketi mbele yako, simamisha kila kitu hadi lielezwe. Hati ya mauziano iandikwe nakala mbili: majina, aina na namba ya chombo, bei, kasoro zilizokubaliwa, vitu vinavyoambatana nacho hadi adapta na pedali, na sentensi moja ya muuzaji kwamba chombo ni mali yake. Mashahidi wa pande zote wasaini, na mwenyekiti wa kitongoji agonge mhuri wake. Kinanda kisafirishwe kwa kirikuu kikiwa kimelazwa juu ya godoro, vitufe vikitazama juu, na pasiwekwe gunia lolote juu yake.

Nakala ya kwaya ikae kwenye faili la katibu, si nyumbani kwa mwenyekiti, kwa kuwa viongozi hubadilika kila uchaguzi na karatasi za nyumbani hupotea. Siku kwaya itakapotaka kukiuza kinanda hicho, mnunuzi ataiulizia.